Nani Atasema Habari za Marehemu

Mwezi Aprili 1875, kwenye ufuko wa Kageye, kaskazini-mashariki ya mahali lilipo jiji la Mwanza leo, kijana mmoja Mwingereza alimzika mwenzake. Aliyekufa ni Frederick Barker, ambaye alikuwa karani wa hoteli ya Langham jijini London kabla ya kujiunga na msafara wa Henry Morton Stanley. Aliyemzika ni Frank Pocock, mtoto wa mvuvi kutoka Kent. Stanley alikuwa majini, akilizunguka Ziwa Victoria kwa mashua yake. Pale ufukweni palikuwa na Kaduma, mkuu wa mahali hapo, na Songoro, mfanyabiashara wa pwani, na wapagazi waliotembea siku 103 kutoka Bagamoyo. Padri au mchungaji hakuwepo. Stanley aliporudi tarehe 6 Mei na kumwulizia Barker, Pocock alimwonyesha kifusi cha udongo karibu na mahali pa kutia nanga, akamwambia amekufa siku 12 zilizopita.

Ninaanzia kwenye kaburi hilo kwa sababu Pocock hakuwa kiongozi wa dini wala mtu wa serikali. Ndugu yake Edward alikuwa amekwisha kufa njiani mwezi Januari. Pale Kageye alibaki yeye, karibu peke yake, mtu aliyejua Barker alitokea nyumba gani, alicheka vipi na aliogopa nini. Kujua huko ndiko kulikompa haki ya kusimama kichwani mwa kaburi. Miaka miwili baadaye, tarehe 3 Juni 1877, Pocock mwenyewe alizama kwenye maporomoko ya mto Kongo.

Leo pale Nyakato, mtaa wa viwanda na wapangaji kwenye barabara ya Musoma, kazi ile ya Pocock ina mtu wake. Msiba ukitokea, turubai likishafungwa na viti vya plastiki vikishashushwa, kamati ya mazishi huuliza mapema: MC ni nani? Huyo ndiye atakayeshika kipaza sauti kuanzia mwili unapotoka mochwari mpaka neno la shukrani. Watu wengi wanadhani kazi hii imezaliwa juzi pamoja na spika za kukodi na kamera za video. Mimi naona ina umri mrefu kuliko kanisa lolote la Mwanza, nayo imepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia huyu wa leo mwenye suti nyeusi.

Mkono wa kwanza ni wa mtani. Wanyamwezi na Wasukuma waliobeba pembe na nguo kwenda na kurudi pwani katika karne ya 19 walipita nchi ya Wazaramo, wakalala huko, wakaugua huko, wengine wakafia huko, mbali na ndugu. Katika safari hizo utani ulikomaa: mapatano ya watu wa makabila mawili kwamba tutatukanana bila kukasirikiana, na kwamba mmoja akifa ugenini mwenzake atamshughulikia. R. E. Moreau aliandika juu ya mapatano haya mwaka 1944, na miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akayafuatilia kabila kwa kabila. Lakini aliyewahi kukaa msibani hahitaji kitabu. Mtani huja na kuvaa koti la marehemu. Hutembea kama yeye, hukohoa kama yeye, huita watoto kwa sauti yake. Hulala njiani jeneza lisipite mpaka alipwe. Hushuka kaburini akadai kwamba nyumba hii ni yake.

Wageni huona mzaha. Ukitazama vizuri utaona mtani anafanya jambo ambalo hakuna mwingine msibani aliyeruhusiwa kulifanya: anamrudisha marehemu mwenyewe mbele ya watu, na kasoro zake. Mjane hawezi kusema kwamba mumewe alikuwa bahili, wala mtoto hawezi kusema kwamba baba alipenda kusifiwa. Mtani anasema, watu wanacheka huku wanalia, na kila mtu pale anajua kwamba anayezikwa ni yeye hasa. Ibada iliyotengenezwa kwa mtu mmoja, isiyoweza kutumika kwa mwingine kesho, Afrika Mashariki iliijua kwa jina hilo la utani.

Kwa Wasukuma wenyewe vijijini, kabla ya mji, maneno ya kaburini hayakuwa mengi kwa sababu mahali palisema. Mzee mwenye kaya alizikwa zizini, miongoni mwa ng'ombe aliowakusanya maisha yake yote. Banamhala, wazee wa kijiji, walijua ukoo wake mpaka babu wa babu. Nsumba ntale, kiongozi wa vijana, aliwaita wenzake kazini kama alivyowaita kwenye kulima. Hakuna aliyehitaji kusimama na kutangaza marehemu alikuwa nani. Hotuba huzaliwa pale wazikaji wanapokuwa hawamjui wanayemzika.

Hali hiyo ilikuja na dini mpya, kisha na mji. Mei 1877 daktari John Smith wa wamisionari wa CMS alikufa akazikwa Kageye, na mwaka 1883 Mapadri Weupe walijenga misheni yao Bukumbi, kusini mwa Mwanza. Maziko yakaanza kusomwa kitabuni. Katika kitabu cha ibada, marehemu ni nafasi iliyoachwa wazi katikati ya sentensi, mahali pa kuingiza jina. Maneno kabla na baada ya jina ni yaleyale kwa mkulima na kwa askofu. Waislamu nao walikuwa na njia yao iliyotangulia, ya sanda moja kwa tajiri na maskini, ya kuzika haraka, ya dua bila sifa. Siidharau njia yoyote kati ya hizi. Mtu aliyedharauliwa maisha yake yote akazikwa kwa maneno yaleyale aliyozikiwa mkubwa wake ametendewa haki kubwa. Ila haki hiyo ina bei: aliyekuwa fulani anaondoka kama yeyote.

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Makuli, makarani, mafundi na wapishi walikusanyika kutoka kila upande, na swali la wapagazi likarudi: nikifa hapa, nani atanizika? Katika miji mingi ya Tanganyika ngoma za Beni, pamoja na kushindana kwa mavazi na vyeo vya bandia, ziliwazika wanachama wao. Baadaye vikaja vyama vya watu wa nchi moja, vya Wahaya, vya Wakerewe, vya Waluo, ambavyo Kiswahili kimevipa jina lisiloficha kitu: vyama vya kufa na kuzikana. Vilikuwa na daftari, mweka hazina na faini kwa asiyehudhuria. Na vilikuwa na katibu. Huyu katibu ndiye babu wa MC wa leo kuliko mtu mwingine yeyote, maana yeye ndiye aliyesimama kutaja michango, kueleza jeneza limegharimu kiasi gani, kisha, kwa kuwa tayari alikuwa amesimama, kueleza kwa kifupi marehemu alikuwa mtu wa namna gani katika chama.

Baada ya uhuru TANU ilipanga nchi kwa nyumba kumikumi, na balozi wa nyumba kumi akaongezewa, bila sheria yoyote kumtaja, kazi ya kusimamia misiba ya nyumba zake. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu wengi wa Usukuma kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika. Zizi likabaki nyuma, na kaburi la babu ndani yake. Wafu wa baadaye walilazwa kwenye makaburi ya pamoja, safu kwa safu, na tangu hapo ilibidi mtu aseme kile ambacho zamani kilisemwa na ng'ombe.

Nyakato imekua ndani ya historia hiyo. Mtu wa Buzuruga au wa Nyakato Sokoni ana jirani Mkerewe upande huu, Mjita upande ule, Mhaya mbele, Mkurya nyuma, na mwenye nyumba Msukuma. Ndugu wa damu wako mbali, wengine ng'ambo ya maji. Kwa miaka mingi ratiba za mazishi za Mwanza zilipangwa na kivuko: gari lenye mwili wa kwenda Sengerema au Geita lilisubiri foleni Kigongo kama gari la matikiti, na waombolezaji wakasubiri upande wa Busisi wasijue saa. Daraja la kilomita 3 pale Kigongo lilifunguliwa Juni 2025, na ninadhani waliolishukuru zaidi ni wafiwa. Kwa maiti za Ukerewe mwenye saa bado ni meli ya Nansio.

Katika mchanganyiko huo ndipo wasifu wa marehemu ulipopata nguvu. Ni karatasi moja, mara nyingi mbili, inayosomwa na mtu wa familia kabla ya kuaga. Alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa ngapi kati ya wangapi, shule, kazi, ndoa, ugonjwa, saa ya kufa, ameacha nani. Majirani waliomjua miaka kumi wanagundua pale kwamba kumbe alikuwa mwalimu, kumbe aliwahi kuishi Kigoma. Lakini karatasi hiyo nayo imegeuka kuwa kama kitabu cha misheni: nafasi zilezile za kujaza, na mwishoni mstari uleule wa Ayubu.

Sehemu ya sababu ni woga, na woga huo una tarehe. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera, ng'ambo ya ziwa. Ugonjwa ulifuata meli na barabara, na katika miaka ya 1980 na 1990 misiba ya kanda hii iliongezeka mpaka watu wakazika asubuhi na jioni. Wasomaji wa wasifu wakajifunza kusema aliugua kwa muda mrefu, wakaishia hapo. Ilikuwa huruma, maana mjane na watoto walikuwa wamekaa mbele wakitazamwa. Ila kunyamazia ugonjwa kulifundisha kunyamazia mengine: ndoa ya pili, mtoto wa nje, ulevi, deni, hata kipaji kisichokuwa na cheti. Wasifu ukajaa mambo ambayo hayamuumizi mtu yeyote, na hayamwonyeshi mtu yeyote.

Upande wa kaskazini-mashariki wa ziwa, katika miaka hiyohiyo, Kenya nzima ililazimika kujadili kwa sauti nani mwenye haki ya kumsemea marehemu. Wakili S. M. Otieno alikufa Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe Wambui, Mkikuyu, alisema mumewe alitaka kuzikwa kwenye shamba lao karibu na mji. Ukoo wa Umira Kager ulisema Mjaluo huzikwa kwao. Mwili ulikaa mochwari zaidi ya miezi mitano huku mahakama ikisikiliza mashahidi, mmoja wao mwanafalsafa Odera Oruka, mwingine mchimba makaburi. Ukoo ulishinda, na Otieno alizikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 Mei 1987. Hukumu ile ilihusu mahali, lakini ukiisoma kesi yenyewe utaona ilihusu habari. Kila upande ulikuwa na Otieno wake, na hakuna aliyewahi kumwuliza mwenyewe na kuandika jibu.

Kisha ikaja asubuhi ya Jumanne, 21 Mei 1996.

MV Bukoba ilikuwa imetoka Bukoba jioni iliyotangulia, ikapitia Kemondo kuchukua abiria na shehena, ikapinduka ikiwa inakaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Waliosimama juu ya tumbo la meli walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Tundu likatobolewa ili kuwatoa, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, meli ikazama. Walikufa zaidi ya watu 800. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, na wazamiaji wakaja kutoka Afrika Kusini kutoa miili.

Miili ililazwa kwenye uwanja wa Nyamagana, ambako watu wa Mwanza walikuwa wamezoea kwenda kutazama mpira. Ndugu walipita kati ya safu wakitazama. Wengine walimtambua mtu wao kwa shati, kwa pete, kwa kidonda cha zamani mguuni. Jua na maji vilikuwa vimefanya kazi yao, na kila siku iliyopita sura zilizidi kupotea. Wale ambao hawakutambuliwa walipelekwa Igoma, mbele kidogo ya Nyakato kwenye barabara hiyohiyo ya Musoma, wakazikwa pamoja.

Jaribu kufikiria kazi ya kusimama pale. Mashehe na mapadri na wachungaji waliomba, kila mmoja kwa njia yake, kwa sababu hakuna aliyejua nani ndani ya shimo ni wa nani. Na hapo nayaona maneno ya kitabu yakifanya kazi ambayo mtani na MC na katibu wa chama wasingeweza kuifanya hata kidogo. Huwezi kuigiza mwendo wa mtu usiyemjua. Huwezi kusoma wasifu wa daraja la tatu. Siku ile kilichobaki ni dua iliyotungwa kwa ajili ya yeyote, nayo ilitosha kuwafunika. Lakini ndugu waliorudi makwao mikono mitupu walibaki na habari ambazo hazikupata kaburi la kusimuliwa. Kila mwaka tarehe 21 Mei watu hukusanyika Igoma kwenye mnara wa kumbukumbu, na dua husomwa. Ukienda, kaa na wazee baada ya dua. Hapo ndipo wasifu husomwa bila karatasi: mmoja alikuwa anapeleka ndizi, mwingine alikuwa anaenda kuanza shule. Wameusubiri wakati huo mwaka mzima.

Ninaamini, ingawa sina namna ya kuipima imani hii, kwamba Mwanza ilitoka Igoma ikiwa na njaa ya kumtaja mtu mmojammoja. Septemba 2018 MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu 220, kisiwa kilikuwa kidogo na watu walijuana. Maziko ya pamoja ya Bwisya yalikuwa na uchungu uleule, ila kwa wengi majina yalikuwepo.

Kuna msiba mwingine ambao umemsukuma mshereheshaji mbele zaidi kuliko spika na kamera. Ni ule wa mtu ambaye dini yake haiji. Tangu miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipozifanya jumuiya ndogondogo kuwa msingi wa parokia, mwenyekiti wa jumuiya akawa shahidi wa nani ni mwumini hai, na madhehebu mengine nayo yana daftari zao. Marehemu asiyeonekana jumuiyani, asiyetoa zaka, aliyeishi na mwanamke bila ndoa, huenda akakosa kiongozi wa kumzika. Wapo pia Wasukuma wengi ambao hawakuwahi kuingia dini yoyote iliyoletwa. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania swali la dini. Mwili uko sebuleni, kibali cha kuzika kimeandikwa, kaburi limechimbwa, na hakuna joho. Ndipo mwenyekiti wa mtaa anamtazama yule mtu mwenye sauti, na yule mtu anasimama.

Nchi nyingine nazo zina watu wa kazi hiyo. Australia, mwaka 1973, mwanasheria mkuu Lionel Murphy alianza kuwateua raia wa kawaida kufungisha ndoa zisizo za dini, wa kwanza akiwa mwanamke aitwaye Lois D'Arcy. Muda mfupi baadaye baadhi yao, Dally Messenger akiwa mstari wa mbele, wakaanza kuongoza maziko kwa kumhoji kwanza kila mtu wa familia. Wanaonekana kama wavumbuzi. Mtani wa Kizaramo angewatambua mara moja.

Kwa Kiswahili cha mtaani MC amepewa tafsiri ya utani, msema chochote. Kwenye harusi labda. Msibani anayesema chochote haitwi tena. Mwenye kuijua kazi hii hufika usiku wa kuamkia mazishi, akakaa pembeni na daftari, akawaita watu mmojammoja. Anaanza na mjane au mgane, kisha watoto, kisha wale ambao hakuna mwingine anayewauliza: mpangaji wa chumba cha uani, mwenye genge, dereva wa bodaboda aliyemchukua kila asubuhi. Haulizi alizaliwa lini, hilo limo kwenye karatasi. Anauliza alikuwa anakasirishwa na nini, alipenda kukaa kiti gani, nani alimkosea na wakapatana. Anauliza pia, kwa sauti ya chini, kuhusu mama wa pili na watoto wake: wapo, wameketi wapi, wataitwaje. Akikosea hapo, kesho watu watapigana juu ya kaburi.

Anapanga salamu za wazee kwa Kisukuma ikiwa ni wao, mengine yote kwa Kiswahili ili Mjita na Mhaya wasiachwe nje. Anamweka msemaji wa familia atangaze kwamba anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, amwone fulani baada ya mazishi. Na anaandika orodha ya mashada ya maua. Orodha hii ndiyo mtihani wake. Wazazi wakiwa hai hutangulia, kisha mjane, watoto kwa kufuata umri, wajukuu, kaka na dada, kazini, jumuiya au msikiti, mtaa, kikundi cha kukopeshana. Kila jina analoliita mbele ya kaburi ni tamko kwamba huyu alikuwa wake, na huyu naye alikuwa wake. Zipo familia ambazo mtoto alitambuliwa hadharani kwa mara ya kwanza kwa kuitwa kuweka shada.

Udongo ukishapanda na kusawazishwa kwa makoleo, anaita. Jina, watu wanasogea, wanapiga magoti, wanachomeka maua, wanarudi. Jua la Mwanza liko juu, watoto wamechoka. Mwisho kabisa, orodha ikiwa imeisha na shada moja limebaki mkononi mwa msaidizi, anauliza kama yupo ndugu au rafiki ambaye hakutajwa. Kimya kinapita. Halafu nyuma kabisa, kutoka kwenye kivuli cha mti ambako hakuna viti, mtu anaanza kutembea kuja mbele.